Mgeni Hana Rangi

Kwetu Kerege msichana akiposwa, wanawake huuliza kwanza habari za mavyaa, ndipo waulize habari za mume. Mume utamzoea, mama yangu alikuwa akisema, lakini mama wa mume ndiye paa la nyumba: likivuja, hata kitanda kiwe kizuri namna gani, utalala umelowa. Mimi nilipata mavyaa aliyefuga samaki. Hakufuga kuku wala njiwa kama majirani zake wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Alifuga samaki wa baharini wenye urefu wa kidole, ndani ya matangi ya kioo yaliyopangwa ukutani katika chumba cha mbele, pale ambapo enzi za uhai wa mumewe yalikaa majora ya vitambaa.

Sasa hayupo, Mungu amrehemu. Wanaomkumbuka husema alikuwa mkali, alikuwa na maringo ya kwao, na alikuwa na wazimu kidogo wa samaki. Yote hayo ni kweli na mimi naweza kuongeza mengine. Ila ninapomkumbuka mimi, kinachotangulia ni kustaajabu. Sijapata kuona binadamu anayetazama kitu kama alivyotazama yeye.

Na aliniita mgeni. Siku ya harusi sikuona ajabu, maana bibi harusi ni mgeni kweli. Lakini miezi ikapita, mwaka ukapita, nikajua chumvi inakaa kabati gani na ufunguo wa stoo unafichwa wapi, na bado nikimwambia, "Shikamoo mama," hujibu, "Marahaba, mgeni." Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilikabidhiwa mapema: nilifua, nilipika, nilibeba madumu ya maji ya bahari ya kujazia matangi. Jina halikubadilika. Katika nyumba ile sikutaka dhahabu wala sikutaka sifa. Nilitaka siku moja aniite kitu kingine.

Katika samaki wake wote, aliowapenda zaidi aliwaita mabawabu. Jina lao la vitabuni alilijua, kwani alikuwa na vitabu vyenye picha alivyoletewa na jamaa zake wa Maskati, lakini alisema jina la kitabu libaki kitabuni. Bawabu hukaa mlangoni pa shimo mchangani kutwa nzima, kichwa nje, macho juu ya paji la uso kama mtu aliyepandisha miwani. Shimo lenyewe hakulichimba yeye. Mchimbaji ni kamba mdogo, asiyeona vizuri, anayetoka na mchanga mikononi, anaumwaga, anarudi ndani kuchota mwingine. Kila akiwa nje, unywele wake mmoja mrefu haubanduki mwilini mwa bawabu. Likija jambo la kutisha, bawabu hutikisa mkia, kamba husikia kwa ule unywele, na wote wawili hutumbukia shimoni. Mmoja ana macho hana nyumba, mwingine ana nyumba hana macho.

Mara ya kwanza kunionyesha, alinikalisha kwenye kigoda mbele ya tangi akanikataza kusema. Tulikaa mpaka mguu wangu ukafa ganzi. Kamba alipotoka, akapapasa, akampata bawabu wake, Mavyaa akasema, "Subhanallah," kwa sauti ya chini kabisa. Nikadhani naye ndiyo mara yake ya kwanza kuona. Kumbe alisema vile kila siku. Baadaye aliniambia kwamba siku atakayomwona kamba akitoka na yeye asiseme chochote, basi watoto wake wamtafutie sanda.

Kulisha haikuwa kazi kubwa. Kazi kubwa ilikuwa kutambua. Mabawabu na ndugu zao wana vurugu za kumtoa mtu jasho: aina mbili tofauti hufanana kama mapacha, na aina moja inaweza kuvaa rangi tatu. Wafugaji wa Dar es Salaam, Tanga na hata Mombasa walikuwa na kundi lao la WhatsApp, na kila siku walimtumia picha: shikamoo mama, huyu ni nani? Yeye alijibu kwa kurekodi sauti, kuandika kulimchosha. Hukumu zake zilikuwa mbili tu. Kama samaki ni wa aina anayoijua, ila amevaa rangi nyingine, alisema, "Huyo huyo." Kama ni aina nyingine, alisema, "Siye." Hakuna aliyebishana naye, na wachache waliojaribu walirudi wenyewe baada ya muda, na shikamoo ndefu zaidi.

"Umenipigia picha ya rangi," nilimsikia akimwambia mmoja wao, mimi nikiwa pembeni namenya vitunguu. "Rangi naijua, mimi nimeuza vitambaa tangu mama yako hajaolewa. Nipigie picha ya shavu."

Shavu ndilo alilolitazama kwanza, kwa sababu vidoa vya shavuni hubaki vilevile hata mwili ukibadilika wote. Kisha mgongo. Mabawabu na jamaa zao wana mapezi mawili mgongoni, la mbele na la nyuma, na wengi waliomletea kwa furaha samaki mwenye pezi moja refu waliondoka na siye yao. Kisha akaangalia ukaaji: anajiegemeza kwenye mapezi ya kifua au analala kifudifudi, anapepeta mchanga mdomoni na kuutoa mashavuni au hana habari na mchanga. Rangi aliiacha mwisho. "Rangi ni nguo," alisema. "Utamtambuaje mtu kwa kanga, na kanga huazimwa?"

Hata hivyo sikupata kuona mtu aliyezijua rangi kumshinda. Sisi tulisema huyu wa njano. Yeye alisema huyu wa bizari, yule wa samli, na yule wa nyuma ni wa samli iliyoungua. Alikuwa na wa ugoro, wa damu ya mzee, wa chai ya maziwa iliyopoa. Mmoja alimwita wa maji ya kunde. Nikacheka, nikamwambia hiyo ni rangi ya watu.

"Kwani samaki kaiiba?" akauliza.

Kuna bwana mmoja aliyejenga Mapinga, mtu wa kwenda na kurudi Dar, aliyenunua mabawabu wawili waliotolewa shimo moja. Mmoja alikuwa wa bizari, mwingine wa ugoro. Akaona hizi ni aina mbili, wataumana, akawatenga, kila mmoja na tangi lake na taa yake. Wote wawili wakaacha kula. Akapiga simu kwa hofu. Mavyaa akamtaka picha za mashavu, akazitazama simu ikiwa karibu kugusa pua, kisha akacheka mpaka ushungi ukamwangukia mabegani.

"Huyo huyo," akasema. "Baba, umetoa talaka isiyo yako. Hao ni mume na mke."

"Lakini mama, mmoja mweusi!"

"Na wewe na mkeo mmefanana?"

Yule bwana akawarudisha pamoja. Kesho yake akatuma video, wale wawili wako mlangoni bega kwa bega, wanagombania chakula. Mavyaa aliionyesha ile video mtaa mzima, kama watu wanavyoonyesha video ya harusi, na kila aliyeitazama alilazimika kusema kwamba maharusi wamependeza.

Kwa hiyo mniruhusu nishangae. Mwanamke aliyecheka vile, aliyeona mbali vile kwamba njano na weusi si kitu, ndiye aliyenipokea mimi kwa namna aliyonipokea. Mume wangu aliponipeleka kwake kabla ya posa, Mavyaa aliniuliza kwetu wapi. Nikasema Kerege.

"Kerege ya wapi?" akauliza, utadhani ziko nyingi na anaomba mojawapo iwe Maskati.

Siku ya hina, wifi yangu mkubwa aliushika mkono wangu, akaugeuza huku na huku, akasema mbele ya wanawake wote, "Sasa kwa huyu hina itaonekana wapi?" Wakacheka. Mavyaa alikuwepo, anapanga asumini kwenye sinia. Alisikia. Hakucheka, lakini hakumkataza binti yake, na mimi nililibeba lile la pili kwa muda mrefu kuliko la kwanza. Jicho lililowaona mume na mke wa Mapinga, kwangu mimi liliishia kwenye kanga.

Alikuwa na vituko vingine visivyopatana. Alikula changu wa kukaanga mbele ya matangi yake, akafyonza kichwa mpaka mfupa ukatoa mlio. Nikamwuliza haoni vibaya. "Hao wa kutazama, huyu wa kula," akasema. "Asiyejua tofauti hiyo atakufa na njaa." Alikuwa na kipimo kizuri cha chumvi, cha kioo, lakini hakukiamini mpaka achovye kidole kwenye tangi na kuonja, kama mtu anayeonja mchuzi. Aliwakataza wajukuu wasipige kelele mle chumbani, na yeye mwenyewe akigombana na muuza mkaa alisikika mpaka msikitini. Neno zuri kwake lilikuwa ghali. Ukipika pilau mpaka majirani wakaja na sahani, yeye husema, "Imeliwa." Umeme ukikatika na mashine ya hewa ikanyamaza, tulichota maji ya tangi kwa kopo na kuyamwaga kutoka juu, kopo baada ya kopo, ili samaki wapumue, naye alishika zamu yake kama sisi bila kulalamikia mgongo. "Mgeni, pokea," alisema akichoka.

Pembeni, mbali na dirisha, kulikuwa na tangi dogo lililofunikwa kitambaa pande tatu. Aliliita tangi la wageni. Samaki yeyote aliyeletwa na wapiga mbizi wa Kaole alianzia humo, na kipande cha bomba cha kujifichia. Sheria ilikuwa moja: samaki akiwa humo, hatajwi jina. Hata kama Mavyaa mwenyewe alishamjua, alifunga mdomo. Siku moja mimi, kwa kiherehere cha mwanafunzi, nikachungulia nikaona samaki mweupemweupe mwenye mabaka yaliyofifia. Nikapiga kelele, "Siye, mama! Hii aina mpya!"

"Umejuaje?"

"Hana rangi ya mabawabu wetu."

"Mgeni hana rangi," akasema. Akalishusha pazia la tangi kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. "Katolewa kwake, katiwa ndooni, kaletwa kwa watu asiowajua. Hiyo unayoiona ni hofu. Hofu ina rangi yake, na samaki wote wakiivaa wanafanana. Mwache apate shimo, ale, alale, azoee. Rangi yake itakuja yenyewe. Ndipo umwite."

Majuma yakapita. Yule mweupe akaanza kukolea, kwanza kichwani, halafu ubavuni, mpaka akawa wa bizari kamili, na mashavuni vikatokea vidoa vya samawati vilevile ninavyovijua. Nikamwita Mavyaa. Akainama, akamtazama kwa utulivu, akasema, "Ahaa. Huyo huyo." Siku hiyo akamhamishia tangi kubwa. Mimi nikabaki na yale maneno yake, mgeni hana rangi, nikijiuliza kama alikuwa akizungumza na mimi au akizungumza habari za samaki tu. Kwa Mavyaa ilikuwa vigumu kujua.

Mwaka wa pili wa ndoa nilinunua mkorogo. Ni ile krimu ya kuchanganya, inauzwa kwenye vikopo visivyo na jina, ya kumfanya mtu awe mweupe. Maneno ya hina yalikuwa bado yamenikaa kifuani. Nikapaka uso na shingo. Uso ukaanza kung'aa, vidole vikabaki vilevile, kama ilivyo kawaida ya mkorogo. Mume wangu hakuona kitu. Wifi yangu akaniambia siku hizi nimependeza, akaniuliza ninakula nini.

Asubuhi moja nilikuwa namsaidia Mavyaa kufuta kioo, taa ya tangi ikanimulika usoni. Akaweka kitambaa chini. Akanishika kidevu, akanigeuza upande, akanitazama shavu. Alinitazama kama nilivyomwona akitazama maelfu ya mashavu, bila haraka, bila hasira, kichwa amekiinamisha kidogo. Nikawa nangojea siye yangu.

"Nani kakutisha?" akauliza.

Mwanzoni sikuelewa. Kisha nikaelewa, na machozi yakanitoka bila kuniaga. Jibu lilikuwa mdomoni. Wewe. Wewe na Kerege ya wapi, na binti yako, na mgeni yako ya kila asubuhi. Lakini mavyaa hajibiwi hivyo. Nikasema, "Hakuna, mama."

"Basi huyo Hakuna ana mkono mzito," akasema. Akaniachia kidevu, akaokota kitambaa, akaendelea kufuta kioo.

Nilikitupa kile kikopo chooni siku hiyohiyo. Rangi yangu ilirudi polepole, na asubuhi nyingi nilimwona akinitupia jicho la shavuni kabla ya kuitikia salamu, kama anavyochungulia tangi la wageni. Nilidhani sasa jambo limekwisha, sasa ataniita. Aliitikia vilevile. Marahaba, mgeni. Niliumia, sitaficha, lakini tangu siku ile sikuweza tena kumchukia, kwani hakuna mtu mwingine duniani, hata aliyenizaa, aliyepata kunitazama uso na kuona hofu mahali ambapo wengine waliona uzuri.

Mama yangu alikuja mara moja kumtembelea, kabeba mihogo na nazi. Wakakaa wawili mbele ya tangi, mmoja na ushungi wake wa hariri, mwingine na kanga zake mbili, na mimi nyuma yao nikiomba Mungu pasiharibike kitu. Mama akatazama kwa adabu, akatafuta la kusema.

"Sasa huyu akikua anakuwaje?"

"Hakui. Ndiyo mwisho wake."

"Masikini," mama akasema. "Hata sufuria hataiona."

Mavyaa akacheka kicheko chake kile cha kuangusha ushungi. Muda huohuo kamba akatoka shimoni, akapapasa, akampata bawabu wake. Mama akasema, "Loo!" na Mavyaa akasema, "Subhanallah," na maneno yao yakagongana hewani. Wakatazamana. Mama akatikisa kichwa, akasema watu wa kwao wako pwani hii tangu mababu wa mababu, wamevua na kula kila kiendacho majini, na hakuna aliyewahi kumwambia kuna kitu kama hiki.

"Tangu mababu wa mababu," Mavyaa akarudia. Na alipomsindikiza mama alikwenda naye mpaka kituo cha magari, jambo ambalo hakumfanyia mtu.

Tulipohamia Mapinga, kwa ajili ya kazi ya mume wangu, macho ya Mavyaa yalikuwa yameshaanza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kuondoka hakirudi. Pembeni palianza kumezwa na giza, akawa anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Akawa anagonga vigoda. Akawa anaweka uso kwenye kioo cha tangi mpaka pua inaacha alama. Kisha na katikati pakafifia. Watu wa kundi waliendelea kutuma picha kwa muda, wakapata majibu machache, wakaelewa. Nilikuwa nikimpigia simu na kumwuliza habari za mabawabu. "Wapo," alijibu. "Nasikia maji."

Mara yangu ya mwisho kukaa naye ilikuwa alasiri moja ya Ijumaa. Nilimkuta chumba cha mbele, kwenye kigoda kilekile, tasbihi mkononi, uso ameuelekeza kwenye tangi la wageni ingawa kwake haikuwa na maana tena ni upande gani. Nikasema shikamoo mama. Akasema marahaba, mgeni, halafu akanyoosha mkono ukapapasa hewani mpaka ukanipata.

"Kaa," akasema. "Kuna mtu humu ana mwezi mzima hajaitwa jina. Wifi yako anamlisha, lakini kwa wifi yako wote ni samaki. Nilikuwa nakungoja. Nieleze."

Nikapiga magoti mbele ya kioo, nikafunua kitambaa. Samaki alikuwa mbele ya bomba lake, ametulia, ananitazama. Nikaanza. Nikamwambia shavuni ana vidoa vya samawati, vidogo, vimemwagika mpaka chini ya jicho. Nikamwambia mapezi mawili, la mbele limechongoka. Nikamwambia anavyojiegemeza, mkia umepinda kulia. Mavyaa alisikiliza amefumba macho, na nilimwona anamchora kichwani kiungo kwa kiungo.

"Shavu kwanza," akasema. "Vizuri. Na rangi?"

"Mweusi, mama. Weusi mtupu, wa masizi. Ana uzi mdogo wa bizari pembeni ya pezi."

Tasbihi ikasimama. "Weusi wa masizi? Hapana. Wa kwangu huishia kwenye ugoro. Siye."

Nilitazama tena. Nilimtazama yule samaki kama nilivyofundishwa. Katika miaka yote sikuwahi kumkatalia mama huyu neno lolote, si la samaki wala la watu.

"Huyo huyo, mama," nikasema.

Akageuza uso upande wangu. "Unasema?"

"Shavu ni lile, mapezi ni yale, ukaaji ni ule. Nguo tu ndiyo nyingine."

"Labda ni hofu."

"Hofu hupausha, wewe ndiye uliyenifundisha. Huyu ana mwezi humu, anakula, anatoka mlangoni, hakimbii nikisogea. Haogopi kitu. Weusi ni wake."

Tasbihi ikaanza tena kutembea vidoleni mwake. Mashine ya hewa ilikuwa inanguruma taratibu. Kisha akasema, "Weusi ni wake," polepole, kama anaonja. "Kweli. Huyo huyo."

Akaniomba nimhamishie tangi kubwa. Nikamchota kwa wavu mdogo, nikamteremsha, nikamweleza anavyozama, anavyosimama mchangani, anavyotazama huku na huku. Akasema Subhanallah. Niliporudi kukaa, akaniwekea kiganja shavuni, akakiacha hapo.

"Siku ile nilikuuliza nani kakutisha," akasema. "Nilikuwa najua."

Nikaegemeza shavu kwenye kile kiganja.

"Na mama yako aliniambia mwenyewe, hapa hapa. Mababu wa mababu. Sisi tulikuja juzi na majora yetu ya vitambaa, tukapewa maji ya kunywa na mahali pa kulala. Nimekaa nikikuita mgeni, nawe umeitika, na mgeni wa hapa ni mimi. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone." Kiganja chake kilikuwa kimelowa kwa machozi yangu, na hakukiondoa. "Sijui kama nimekuponya."

Nilimwambia ameniponya. Nililia niliposema, na nilisema kweli.

Adhana ya magharibi ilikuwa karibu, akataka kwenda uani kutia udhu. Kati ya chumba kile na ua kuna kizingiti kirefu cha mbao, cha kizamani, kilichomwangusha mara mbili tangu macho yamwache. Nikasimama kumshika mkono kama tunavyowashika wasioona. Akakataa. Akanizunguka, akapapasa, akaweka ncha za vidole mgongoni mwangu.

"Tangulia, mwenyeji," akasema.

Nikatangulia. Tulipofika kizingitini nikatikisa bega kidogo tu, naye akasimama, akainua mguu.